Fungu la Ujira na John Stuart Mill

Yasemwa kuwa mwanachuoni wa uchumi haiachi rai yake hata mambo yanayotukia mbele ya macho yake yakiikanusha. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini kisa cha John Stuart Mill wa Uingereza chafaa kupimwa kabla ya kulikubali lote.

Katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya uchumi, kilichotoka mwaka 1848, Mill alifundisha, kama wengi wa zama zake, kwamba liko fungu la mali lililotengwa kulipia ujira. Ligawe fungu hilo kwa hesabu ya wafanyakazi, nawe utapata ujira wa kila mmoja. Basi vibarua wakipata nyongeza kwa mgomo, nyongeza hiyo imetolewa vinywani mwa vibarua wengine. Mill mwenyewe hakutaka vyama vya wafanyakazi vipigwe marufuku, lakini fundisho lake lilimpa kila tajiri mchoyo udhuru mzuri: aliyekataa kuongeza si yeye, ni elimu. Wala halikuwa fundisho jepesi kukanushwa kwa ushahidi, kwani fungu lenyewe halikuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Mwaka 1866 Francis Longe, mwanasheria, alitoa kijitabu cha kulipinga. Wakuu wa elimu hiyo hawakushtuka. Mwaka 1869 akaja William Thornton na kitabu chake juu ya kazi. Thornton alikuwa rafiki wa Mill, na waliwahi kutumika pamoja London katika ofisi za Kampuni ya Mashariki ya India. Safari hii Mill alisikia. (Yamkini hoja huingia upesi zaidi ikiletwa na rafiki.) Mwaka huohuo aliandika katika Fortnightly Review kwamba mali ya tajiri haina sehemu iliyofungwa kwa ajili ya ujira, humo humo hutoa ujira na matumizi ya nyumba yake, na ujira ukizidi aweza kupunguza anasa zake. Mpaka uliopo ni ule wa kumfilisi au kumfanya aiache biashara. Kwa hiyo vyama vyaweza kupandisha ujira. Maneno hayo yalitoka baada ya tume ya kifalme, iliyoundwa mwaka 1867, kuvichunguza vyama hivyo, nayo hayakuwa madogo.

Lakini mwaka 1871 Mill alitoa chapa ya saba ya kitabu chake, na fundisho la kale akaliacha pale pale. Katika dibaji alieleza kuwa mjadala huo haujaiva kiasi cha kutiwa katika kitabu cha jumla. Mimi naona udhuru huo ni dhaifu. Mwanafunzi aliyekinunua alifunzwa kwa jina la Mill jambo ambalo Mill alikuwa amekwisha kulikana miaka miwili nyuma. Mill alikufa mwaka 1873. Mwaka uliofuata John Elliott Cairnes, rafiki na mfuasi wake, alitoa kitabu cha kulitetea fungu la ujira upya.