Utengule, Kabla Kalamu Haijagoma

Msafiri anayetoka Mbeya mjini kwenda Tunduma hupita Mbalizi, mji wa barabarani wenye malori ya Zambia, magunia ya viazi na bodaboda zinazogombania abiria. Hapo jirani ni Utengule. Wengi huijua kwa kahawa. Ni wachache wanaojua kwamba masimulizi yaliyokusanywa kutoka vituo vya misheni kama cha hapa ni hazina ya mapema ya maisha ya watu wa Nyanda za Juu Kusini, na kwamba wengi wa wenye masimulizi hayo hawakuwahi kushika kalamu.

Zamani Utengule ilikuwa ngome ya Merere, mtawala wa Wasangu, aliyehamia nchi ya Wasafwa baada ya kusukumwa na Wahehe. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla karne haijaisha walikuwa na kituo Utengule pia. Nyakati zilikuwa mbaya. Biashara ya watumwa ilikuwa bado haijafa, na mwanamke asiye na ndugu wa kumtetea aliweza kutekwa, kutolewa kulipa deni, kisha kuuzwa tena. Waliotoroka walitafuta hifadhi popote, misheni ikiwemo.

Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari Mjerumani, alikaa na watu hao akawasikiliza. Juzuu zake tatu kuhusu Wasafwa zilitoka Berlin kati ya 1926 na 1929. Aliandika pia masimulizi ya maisha ya mtu mmoja mmoja: Narwimba, aliyehangaika kuwaokoa wanawe; Msatulwa Mwachitete, aliyetekwa akiwa mtoto; na mwanamke anayekumbukwa kwa majina matatu, Chisi, Ndjurisiye, Sichyajunga. Majina matatu kwa mtu mmoja! Hilo peke yake lingemtosha mtunzi kuanzia riwaya.

Tusimsafishe mmisionari kupita kiasi. Mwenye kalamu ndiye aliyeamua kipi kibaki, na muumini mpya alijua ni maneno gani yanayopendeza masikioni mwa misheni. Hata hivyo masimulizi yale yana kitu ambacho mwandishi aliyekwama mbele ya karatasi tupu hukitamani: yanatiririka. Msimulizi alikuwa na mtu mbele yake. Akisita, aliweza kuulizwa; akiruka jambo, aliweza kurudishwa nyuma.

Mbinu hiyo ya kusimulia mbele ya msikilizaji haikuletwa na meli kutoka Ulaya. Fanani, msimulizi wa hadithi za jadi, hakuanza peke yake. Alisema "Paukwa!", akangoja "Pakawa!", na kabla hajatamka jina la sungura au fisi tayari alikuwa na wenzake ndani ya hadithi. Akisahau, bibi mmoja pembeni alimkumbusha. Wakipiga miayo, alifupisha. Kitabu kiliponyamazisha hadhira, mtunzi alibaki na ukuta, na hapo ndipo kalamu ilipojifunza kugoma.

Waliofanikiwa kuandika kuhusu nyanda hizi mara nyingi walirudi kwenye yale yanayosimuliwa. Mugyabuso Mulokozi, mtu wa Kagera, alichukua kisa cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe ambaye fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, akakifanya tamthilia: Mukwava wa Uhehe. Claude Mung'ong'o naye, katika Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, alichukua jambo linalonong'onwa vijijini, kijana kuachiwa uchawi na baba yake, akalijengea riwaya.

Magazeti nayo yalimrudishia mtunzi hadhira kwa njia nyingine. Hadithi za mfululizo, ambazo Eric Shigongo alijipatia nazo jina, hazimruhusu mtunzi kungoja hamu imjie: toleo lijalo lina siku yake, na msomaji aliyeachwa pabaya wiki iliyopita anadai ajue nani amekufa. Wahakiki huzibeza. Lakini kama dawa ya kukwama, mhariri anayegonga mlango ni bora kuliko semina nyingi.

Masimulizi ya Narwimba, Chisi na Msatulwa yapo kwa Kiingereza katika kitabu cha mwanahistoria Marcia Wright, Strategies of Slaves and Women, kilichotoka mwaka 1993. Mtunzi wa Mbalizi aliyekosa sentensi ya kwanza akisome, kisha apande hadi Utengule awaulize wazee walichosikia kwa bibi zao, akiwa na daftari nene.