Ukabaila wa Majukwaa

Mwaka 2023 Yanis Varoufakis, mwanauchumi aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Ugiriki, alitoa kitabu kinachodai kwamba ubepari umekufa na nafasi yake imetwaliwa na mfumo anaouita teknofyudalizimu, ambamo matajiri wa teknolojia ndio mabwana. Ni jina la uchokozi, na lilikusudiwa kuchokoza. Kiswahili kina neno tayari, ukabaila, ila lisibandikwe ovyo.

Kabaila si tajiri yeyote tu. Tajiri tunamwita bwanyenye, na baada ya uhuru wakubwa wapya walizodolewa kwa jina la Wabenzi kwa sababu ya magari yao ya Mercedes-Benz. Majina hayo humsuta mtu kwa mali yake. Kabaila ni mwenye ardhi anayeishi kwa kumtoza anayeitumia. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mambo ya kikabaila, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba asiwe na nyumba ya kupangisha. Kiini basi ni kodi.

Msomaji wa Bomet, katika nchi ya chai ya Kenya, hahitaji kuelezwa sana. Wakoloni waliwapokonya Wakipsigis ardhi, na sheria ya 1915 ikaruhusu mashamba ya walowezi kukodishwa kwa miaka 999. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, iliwapunguzia wageni hadi miaka 99. Katika mashamba hayo makubwa ya chai, wachunaji wengi hulala nyumba za kampuni, hulipwa kwa kilo, na mizani ni ya kampuni pia. Sasa mtazame dereva wa teksi ya programu kule Nairobi. Petroli anatia mwenyewe, pancha anaziba mwenyewe, lakini njia ya kumpata abiria ni ya mwingine, naye hukata chake kila safari. Kanuni za serikali za 2022 ziliweka kikomo cha makato hayo kuwa asilimia 18. Nayo Apple, katika duka lake la programu, hukata hadi asilimia 30 kwa mauzo mengi ya ndani ya programu.

Ndiyo maana sipendi "ukabaila wa kidijitali". Udijitali ni chombo tu. Kinachokodishwa ni jukwaa. Nasema ukabaila wa majukwaa.

Wapo wasiokubali. Mwandishi Evgeny Morozov aliandika mwaka 2022 kwamba kampuni hizi bado ni za kibepari, kwa kuwa huwekeza mitaji mikubwa na kushindana. Hoja hiyo nzito inaungwa mkono na nchi ya chai. Mei 2023 mashine za kuchunia majani chai zilichomwa moto Kericho na watu waliolalamikia kupotea kwa kazi. Kabaila wa zamani alitaka mkulima abaki shambani ili amtoze. Mwenye mashine anataka aondoke. Anayetozwa na jukwaa tumwandikie ukabaila. Aliyefutwa kazi kwa ajili ya mashine, neno lake ni ubepari, na ukali wake haujapungua.