Ujira wa Bawabu

Mlango hauna faida pasipo bawabu, wala bawabu hawezi kukesha mlangoni pasipo ujira. Kiwanja cha ndege ni mlango wa mji na wa nchi. Mjenzi wake hulipwa mara moja, na kazi yake huonekana na kusifiwa. Mlinzi wake hulipwa kila mwezi, na akitenda vema halionekani jambo lolote. Kwa hiyo kumpata mtu wa kulipa gharama ya ujenzi ni kazi nyepesi kuliko kumpata mtu wa kulipa gharama ya ulinzi. Historia ya Marekani yalithibitisha neno hili, maana huko mzigo huu ulihama bega hata bega, na kila kuhama kulikuwa na bei yake.

Hapo kwanza serikali kuu haikutaka kubeba hata mzigo wa ujenzi. Sheria ya mwaka 1926 iliiruhusu kuweka taa na alama za kuwaongoza marubani, lakini viwanja vyenyewe viliachiwa miji na watu binafsi. Dhiki ya miaka ya 1930 iliibadili fikira hiyo. Rais Franklin Roosevelt alitafuta kazi za kuwapa watu waliokosa kazi, na ujenzi wa viwanja ulifaa sana. Kiwanja cha LaGuardia katika New York, kilichofunguliwa mwaka 1939, kilijengwa kwa msaada mkubwa wa fedha hizo. Tarehe 13 Mei 1946 Rais Harry Truman alitia sahihi sheria iliyoidhinisha dola milioni 500 kwa muda wa miaka saba, kwa sharti kwamba miji nayo itoe fungu lake. Mwaka 1970 ikaundwa hazina maalumu ya viwanja na njia za anga, nayo ikalishwa kwa kodi ya asilimia 8 juu ya tiketi za safari za ndani. Kanuni ikawa kwamba asafiriye ndiye alipaye njia.

Kanuni hiyo ilikuwa ya haki kwa lami na minara. Lakini katika miaka ile ile hatari nyingine ilikuwa imekwisha kuingia. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ndege za Marekani zilizotekwa, au kujaribiwa kutekwa, zilizidi 130, na nyingi zilielekezwa Cuba. Makampuni ya ndege yalichelea kwamba upekuzi ungewaudhi abiria na kuwafukuza. Mwezi wa Novemba 1972 watu watatu waliiteka ndege ya kampuni ya Southern Airways, wakatishia kuiangusha juu ya kituo cha nyuklia cha Oak Ridge. Baada ya kitisho hicho udhuru wa kuchelewa haukubakia. Tangu tarehe 5 Januari 1973 ikawa lazima kila abiria na kila mzigo wa mkononi upekuliwe.

Serikali iliamuru, makampuni yakatakiwa kulipa. Hapo ndipo ulipoanza udhaifu uliodumu karibu miaka thelathini. Mfanya biashara hutafuta faida, na ulinzi si bidhaa inayomvutia mnunuzi. Basi makampuni yaliikabidhi kazi ya upekuzi kwa wakandarasi wa bei ya chini. Mwaka 1988, tarehe 21 Desemba, bomu lililofichwa katika mizigo liliivunja ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, wakafa watu 270. Sheria ikakazwa mwaka 1990, lakini ujira wa bawabu ulibaki juu ya makampuni. Wakaguzi wa hesabu wa serikali walieleza matokeo yake mwaka 2000: katika viwanja 19 vikubwa, wapekuzi walioacha kazi kati ya Mei 1998 na Aprili 1999 walifikia wastani wa asilimia 126, na katika kiwanja kimoja asilimia 416. Maana yake ni kwamba kwa kila nafasi 100 za kazi, watu 126 waliondoka katika mwaka mmoja. Wengi walipata mshahara mdogo kuliko wauza vyakula waliokuwa jirani nao kiwanjani. Lango ambalo mlinzi wake hubadilika hivyo halina mlinzi. Lina mgeni asiyejua atendalo.

Tarehe 11 Septemba 2001 watu 19 waliteka ndege nne, na karibu watu 3,000 wakauawa. Haki yatutaka tusiwatupie wapekuzi lawama yote, maana kanuni za wakati ule ziliruhusu abiria kuchukua visu vyenye makali yasiyofika inchi 4. Lakini taifa liliona kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Sheria ya tarehe 19 Novemba 2001 iliwafanya wapekuzi kuwa watumishi wa serikali kuu, na abiria akatozwa ada ya usalama ya dola 2.50 kwa kila ndege apandayo, isiyozidi dola 5 kwa safari ya upande mmoja.

Ingedhaniwa kwamba hapo jawabu limepatikana. Walakini mwaka 2013 Bunge la Marekani liliipandisha ada hiyo, ikawa dola 5.60 kwa safari ya upande mmoja tangu Julai 2014, na likaamuru sehemu yake iende katika hazina kuu ili kupunguza nakisi ya serikali. Mwaka 2018 amri hiyo iliongezewa muda hadi 2027. Wako wasemao kwamba hapana dhuluma, kwa kuwa ada haijatosha kamwe kulipa gharama yote ya upekuzi, na serikali hujazia kutoka mfuko mwingine. Hoja hii ni sawa kwa mhasibu, si sawa kwa raia. Fedha iliyoombwa kwa jina la usalama ikitumiwa kwa jambo jingine, jina lake limekuwa uongo, na atakayeombwa tena atakuwa na haki ya kushuku. Tena, mwishoni mwa mwaka 2018 mashauri ya bajeti yalipokwama kwa siku 35, abiria waliendelea kulipa ada, na wapekuzi wakaamriwa kufanya kazi bila mshahara. Tarehe 20 Januari 2019 mmoja katika kila kumi hakufika kazini.

Basi kampuni ilinunua ulinzi kwa bei ya chini. Serikali ilitoza bei yake na kuitumia penginepo. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kusahau kwamba bawabu analinda uhai. Nchi yoyote iandikayo neno usalama juu ya tiketi imefanya ahadi, na ahadi hiyo hupimwa kwa mshahara wa mtu asimamaye mlangoni.