Kistari cha Mwisho wa Mstari na Utafutaji wa Maneno katika Matini za Kiswahili

Katika miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, neno halikukatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari. Desturi hiyo iliingia pamoja na uchapaji wa hati za Kirumi, nayo ilishamiri katika magazeti yaliyopangwa kwa safu nyembamba. Kiswahili kiliihitaji zaidi kutokana na maumbo yake: kitenzi kama “hawakutuambia” hubeba ukanushi, nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja.

Kwa msomaji, kistari hicho hakikuwa na madhara, kwa kuwa jicho liliunganisha vipande bila taabu. Kompyuta haifanyi hivyo isipoelekezwa. Neno “vitabu” likikatwa baada ya silabi ya pili, anayetafuta vitabu halioni, na anayetafuta “vita” huletewa vita ambavyo havikupiganwa.

Mwaka 1987, viwango vya ISO 8859-1 vilitenga kistari cha kawaida, namba 45, na kistari laini, namba 173, kinachoonyesha mahali neno linapoweza kukatwa. Hata hivyo, utaratibu huo hauyasaidii magazeti ya zamani, kwani mashine ya kunakilia huona wino tu, nao wino wa vistari vyote ni mmoja.

Kufuta kila kistari cha mwisho wa mstari si dawa pia. Jina la mji liliwahi kuchapishwa “Dar-es-Salaam”. Likikatika baada ya “Dar” na kistari kikafutwa, huzaliwa “Dares-Salaam”. Orodha ya maneno ya kamusi nayo haitoshi, kwa sababu kamusi haiorodheshi “hawakutuambia”. Panahitajika programu inayochambua viambishi, na picha ya ukurasa halisi ihifadhiwe kando ya matini.

Suala hili linagusa ushahidi wenyewe wa historia. Mtafiti anayefuatilia matumizi ya neno “ujamaa” kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hutegemea kila tukio la neno hilo. Matukio yaliyogawanyika kuwa “uja-” na “maa” yasipohesabiwa, tarehe ya mwanzo huweza kusogezwa mbele kimakosa. Kwa hiyo, ukimya wa kompyuta usichukuliwe kuwa ni ukimya wa waandishi mpaka vistari vya matini hiyo viwe vimekaguliwa.