Baraza, Kalamu na Kompyuta

Fungueni madaftari.

Zamani hapa Kalinzi, watu wakigombea mpaka wa shamba, wazee waliamua barazani. Ushahidi ulikaa vichwani mwao. Mzee akifa, ushahidi ulikufa naye.

Kisha kalamu ilitawala. Sheria ya mwaka 1963 iliweka mahakama za mwanzo. Hakimu aliandika maneno ya shahidi. Asiyejua kusoma alitia dole gumba. Kwa miaka mingi, aliyetaka Mahakama Kuu alipanda gari moshi hadi Tabora. Leo Mahakama Kuu ipo Kigoma.

Sasa imekuja kompyuta. Sheria ya mwaka 2015 inakubali maandishi ya simu na kompyuta kuwa ushahidi. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za kufungua shauri kwa intaneti. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama.

Safari imekuwa fupi. Lakini asiyejua kusoma angali mbali na haki yake. Humwomba mwingine amwandikie, wala hajui kilichoandikwa.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike mipaka minne ya shamba lake.

Kwaherini.