KAPTENI MBAYE DIAGNE: BABA ALIYEVUSHA WATOTO WA WENZAKE



Tarehe 29 Mei ya kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani wa Umoja wa Mataifa. Katika toleo hili la kumbukumbu, kamati imeona imweleze mmoja wao, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyefariki mjini Kigali tarehe 31 Mei 1994. Vijana wetu wanayajua majina ya waliopigana. Inafaa wayajue pia majina ya waliookoa.

Mbaye Diagne alizaliwa tarehe 18 Machi 1958 huko Coki. Alisoma Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akaingia jeshini na kuwa ofisa. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, wa kike na wa kiume. Mwaka 1993 aliwaacha nyumbani akaja Rwanda kuwa mwangalizi wa kijeshi, baada ya serikali na RPF kutia saini Mapatano ya Arusha tarehe 4 Agosti. Mwangalizi hakubeba silaha. Kazi yake ilikuwa kutazama, kuandika ripoti na kupeleka ujumbe.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Asubuhi ya tarehe 7, askari walimwua Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, pamoja na mumewe. Watoto wao walikuwa wamefichwa jirani. Diagne aliwapakia ndani ya gari lake, akawafikisha Hoteli ya Mille Collines. Baadaye watoto hao walipelekwa nje ya nchi, wakapokelewa Uswisi. Nao wakawa wakimbizi kama sisi.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Alikwenda mitaani kutafuta waliojificha, akiwavusha watu watatu, wanne au watano kwa safari moja, kwa sababu gari lililojaa lingeonekana. Njiani kulikuwa na vizuizi vingi vya wanamgambo. Sisi tuliopita kwenye vizuizi tunajua maana yake: kitambulisho kinatolewa, uso unatazamwa, na uhai wako unaamuliwa na kijana mwenye panga. Diagne alisimama, akasalimia, akatania, akagawa sigara, wakamfungulia njia.

Amri iliyotoka juu ilikuwa walinda amani wasiingilie. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kikosi kipunguzwe kibaki na watu wapatao 270. Kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire, alijua anachofanya Diagne, wala hakumzuia.

Aliokoa wangapi? Wengine husema mamia. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba huenda wakafika 600. Sisi wa kambini tunaijua thamani ya orodha, maana asiyeandikwa hapati mgao. Lakini mwaka 1994 orodha ziliua. 

Tarehe 31 Mei alikuwa akiendesha gari peke yake, amebeba ujumbe wa mkuu wa jeshi la serikali kwenda kwa Jenerali Dallaire. Kombora la RPF lililolenga kizuizi cha jeshi hilo lilianguka karibu, na vipande vyake vikampiga. Alikuwa na umri wa miaka 36, na zilibaki siku chache tu arudi kwao. Amezikwa Senegal kwa heshima za kijeshi.

Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda nishani ya ushujaa yenye jina lake, na mwaka 2016 familia yake ikakabidhiwa nishani ya kwanza. Mwaka 2019 nishani hiyo ilitolewa kwa Chancy Chitete, askari wa Malawi. Huyo aliuawa Novemba 2018 karibu na Beni, nchini Kongo, akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa.

Ndugu zetu, hapa kambini tumetoka pande mbalimbali, na kila upande una kilio chake. Diagne hakuwa wa upande wowote. Wapo watakaoitumia habari hii kulaumiana: huyu ataonyesha vizuizi, yule ataonyesha kombora. Yote mawili yalitokea, na hakuna linalofuta lingine. Sisi tunaomba tuanzie kwa wale waliokuwa ndani ya gari.

Kwenu watumishi, tunajua mna taratibu zenu, na bila hizo kambi haiendi. Tunaomba tu mkumbuke kwamba kazi ya ofisa huyu kwenye karatasi ilikuwa kutazama, naye alitazama mpaka akaona watu.

Kwa watoto wake wawili tunasema poleni, na asanteni. Baba yenu aliwarudishia wengine watoto wao.

Mungu amlaze mahali pema peponi. Amina.