Mshahara Kwanza, Minervali Baadaye: Elimu ya Juu Bila Malipo Kasongo na Kabambare

Mjini Kasongo, kusini mwa mkoa wa Maniema, swali la nani alipie masomo lina umri mkubwa kuliko Kongo huru. Mji huu, uliokuwa makao ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa Tippu Tip na mwanawe Sefu hadi majeshi ya Dhanis, afisa wa Kibelgiji, yalipouteka Aprili 1893, uliingia karne ya 20 ukiwa na misikiti, vyuo vya Kurani na watu waliojua kuandika kwa herufi za Kiarabu. Utawala wa Kibelgiji haukuyahesabu hayo kuwa elimu. Kwa mapatano ya 1925, ruzuku ya shule ilikabidhiwa misheni za Kikatoliki zilizoitwa za kitaifa. Waprotestanti walisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, na shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika hazikuanza hadi 1954, chini ya waziri wa makoloni Auguste Buisseret. Mzazi Mwislamu wa Kasongo aliiona shule ipo, na dola imeilipia, lakini alihofu kwamba mtoto angeingia Hassani na kutoka Yosefu. Wengi waliwazuia watoto wao, na pengo lililotokea halikuzibika kwa kizazi kimoja.

Naanzia huko kwa sababu mjadala wa leo juu ya elimu ya juu bila malipo huendeshwa kana kwamba njia ni mbili tu, ama serikali ilipe ama mzazi alipe. Kasongo imewahi kuwa na shule iliyolipiwa na serikali ambayo sehemu kubwa ya wenyeji waliiangalia kwa nje. Pesa ya dola hupita katika mikono ya watu, na mikono hiyo huwa na neno katika kuamua nani asome. Makala haya yanatetea kwamba serikali ilipie elimu ya juu ya muda mfupi katika Maniema ya kusini, yaani Kasongo na teritwari jirani ya Kabambare, ila kwa utaratibu ambao mwanasiasa wa jukwaani hataupenda: ianze na mshahara wa mwalimu na ajira ya mhitimu, na minervali (ada rasmi ya masomo) iwe ya mwisho kufutwa.

Taasisi ninazozizungumzia Wakongo tunazifahamu kwa herufi zake. ISP hutoa walimu wa sekondari, ISTM hutoa wauguzi na mafundi wa maabara, ISDR hutoa wataalamu wa maendeleo ya vijijini. Kwa miaka mingi kozi yake ya msingi ilikuwa gradua ya miaka mitatu. Mfumo wa LMD (licence, master, doktora) uliosambazwa tangu 2021 umebadili majina ya vyeti zaidi ya ulivyobadili hali ya madarasa. Ndugu zake wa nje ni vyuo vya jamii vya Marekani na, karibu zaidi nasi, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ambavyo Tanzania ilivianzisha 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi. Wazo la msingi ni kwamba kijana apate ujuzi bila kulazimika kuhama kwao.

Na kuhama ndiko kunakogharimu. Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200, njia ambayo wakati wa mvua pikipiki hubebwa na watu badala ya kuwabeba. Anayetoka Kabambare ana safari ndefu zaidi, na kwa miaka mingi amepita katika maeneo ya makundi yenye silaha. Akifika mjini hulipa chumba, chakula, sabuni na mafuta ya taa. Kwa msichana huongezeka hofu ya wazazi, nayo haina bei inayoandikwa kwenye risiti. Ada ikifutwa yote Kindu na Bukavu, binti wa mkulima wa mpunga wa Kabambare bado atabaki nyumbani.

Ada yenyewe ina sura nyingi. Minervali rasmi ni kiasi kidogo. Kinachombana mwanafunzi ni gharama za masomo zinazopangwa kila mwaka, kisha michango inayozifuata: silabasi ya kununua kwa mwalimu, mtihani wa marudio, gharama za kutetea TFC, yaani kazi ya utafiti ya kumalizia gradua. Katika taasisi ndogo za mikoani huongezwa nauli na malazi ya walimu wageni wanaoletwa kufundisha kozi nzima kwa siku chache kisha wakaondoka. Ni rahisi kuwalaumu wakuu wa vyuo kwa utitiri huu wa malipo, lakini mimi nasita. Wakufunzi wengi hawana namba ya matrikule, na wasio na namba hawapo katika orodha ya mishahara. Mwanafunzi ndiye anayewalisha. Waziri akitia sahihi amri ya kufuta ada leo, kesho yake atakuwa amemfuta mwalimu.

Tumekwisha kuyaona haya katika shule za msingi. Mwaka 1974 Mobutu alitaifisha shule zote. 1977 alizirudishia dini usimamizi kwa mkataba, kwa kuwa dola ilishindwa kuziendesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ilipokatika na walimu wakagoma, wazazi walianza kuwalipa kwa primu, na mpango wa dharura ukageuka kuwa mfumo wa kitaifa kwa robo karne na zaidi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikatamka kwamba elimu ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure. Ahadi hiyo ilisubiri hadi Septemba 2019, serikali ya Rais Tshisekedi ilipoanza kuitekeleza, na 2020 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 800 kuisaidia.

Mimi si miongoni mwa wanaoidharau hatua ile. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kila mwezi kwa sababu ya primu walirudi darasani, na hilo halikupatikana kwa hotuba. Lakini mwalimu asiye na matrikule alipoteza primu siku ileile, kabla ya dola kumwandika. Madarasa yalijaa hadi watoto wakakaa chini, migomo ikafuata, na mianya ya zamani ikafunguliwa upya kwa majina mapya: mchango wa ukarabati, mchango wa mtihani. Dosari ilikuwa katika mpangilio wa hatua. Mapato ya shule yalikatwa kwanza, na mbadala wake ukaja kwa kuchechemea. Kurudia mpangilio huo katika ISP na ISTM, ambako mkufunzi mmoja akiondoka kozi nzima hufa, kungekuwa ukaidi.

Upande wa pili una hoja nzito, na si ile ya "pesa hakuna", kwa maana pesa hupatikana kwa magari ya waheshimiwa. Hoja nzito ni ya haki. Wachache hufika mlango wa elimu ya juu na diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mkononi, na wengi wao ni watoto wa wafanyabiashara na watumishi wa umma. Kuwalipia hao kwa kodi ya mama anayeuza mafuta ya mawese sokoni ni kumnyang'anya asiyenacho na kumpa aliyenacho. Historia yetu inaithibitisha hoja hiyo: enzi ya UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa kilichoundwa 1971 na kuvunjwa 1981, dola ilitoa basari kwa tabaka dogo la vijana wakati shule za vijijini zikiporomoka.

Naikubali hoja hiyo kwa Kinshasa na Lubumbashi. Kwa Kasongo na Kabambare haisimami vilevile, kwa sababu mtoto wa tajiri hasomi hapa. Amekwisha kwenda Bukavu, Lubumbashi au Kampala. Anayebaki kwenye chuo cha karibu ni yule ambaye familia yake haina pa kumpeleka, na masomo yanayofundishwa humo humrudia mama muuza mawese moja kwa moja: mkunga wa kijiji chake, mwalimu wa hisabati wa mwanawe. Tena wanaosema "msingi kwanza" wanasahau kwamba wanafunzi walioingia darasa la kwanza mwaka 2019 sasa wanagonga mlango wa sekondari. Watafundishwa na nani, kama ISP haikutoa walimu? Ngazi hizi mbili hazigombei sahani moja kwa kiasi tunachoambiwa.

Kasongo yenyewe ina ushahidi. Kuanzia 1971, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp pamoja na wenyeji walijenga hapa mfumo wa vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi, vyote vikiegemea hospitali moja ya rufaa. Mradi wa Kasongo ulisomwa duniani. Utafiti wake wa chanjo ya surua, uliochapishwa katika Lancet 1981, ulibishaniwa kwa miaka. Mradi huo ulikuwa mmoja wa mifano iliyotazamwa Zaire ilipojigawa katika zoni za afya miaka ya 1980. Kiini chake hakikuwa mitambo. Kilikuwa muuguzi aliyefunzwa kwa kazi ya mahali palepale, akasimamiwa, akabaki kituoni. Ajabu ni kwamba mji uliofundisha ulimwengu namna ya kumtumia muuguzi bado unajadili nani amlipie masomo.

Pesa itoke wapi? Mishahara ni ya serikali kuu, na hapo pasiwe na kisingizio. Lakini kuna mfuko mwingine. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au chiferi yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, iko katika teritwari ya Kabambare. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara huko 2016, ikausimamisha 2019 baada ya mivutano mirefu na Mai-Mai Malaika, kundi lenye silaha ambalo miongoni mwa madai yake lilikuwa kwamba wenyeji hawakuona faida ya mgodi. Silaha hazikuwa jibu. Dai lenyewe lilistahili jibu, na karo na mabweni ya vijana wa Kabambare ni jibu linaloonekana kwa macho.

Hata hivyo, mrabaha usitegemewe kwa matumizi ya kila mwezi. Mgodi husimama, bei hushuka, na dhahabu ya wachimbaji wadogo huvuka mpaka bila kuandikwa popote. Ifaayo ni kwamba sehemu ya mkoa na ya sekta ijenge: mabweni ya wasichana, maabara, nyumba za wakufunzi ili mwalimu mgeni awe mkazi. Kamati ya kuzisimamia iwe na wajumbe wa mitandao yote ya shule, za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kiislamu na zisizo za dini, pamoja na wazazi wa Kabambare wenyewe, la sivyo bweni la Kabambare litajengwa Kindu.

Kwamba karo pekee haitoshi huonekana hata Marekani, ambako jimbo la Tennessee lilipitisha mwaka 2014 sheria ya kufuta karo ya vyuo vya jamii. Mpango ule hujaza pengo la karo linalobaki baada ya misaada mingine, kwa hiyo mwanafunzi maskini zaidi, ambaye karo yake imekwisha kulipwa na ruzuku ya shirikisho, huambulia kidogo, na kodi ya nyumba na nauli humsubiri palepale. Hata penye hazina iliyojaa, kufuta karo pekee hakumfikishi maskini darasani.

Basi mwaka wa kwanza Wizara iwahesabu wakufunzi wote wa taasisi za umma za Kasongo na Kabambare, iwape matrikule na kuwalipa, huku ada zikibaki kama zilivyo lakini zikibandikwa ukutani, moja baada ya nyingine. Mshahara ukishafika miezi kumi na miwili bila kukatika, karo ifutwe katika fani tatu tu: ualimu, uuguzi na ukunga, kilimo na ufugaji. Nafasi zitengwe kwa kila teritwari, na fani nyingine ziendelee kulipiwa. Anayesomeshwa atie sahihi ya kutumika miaka mitatu katika teritwari iliyomtuma, na Wizara itie sahihi kwenye karatasi hiyohiyo, ikiandika namba ya matrikule ya mhitimu kabla hajaingia mwaka wa mwisho. Kila ahadi ya namna hii iliyowahi kutolewa kwetu ilikosa sahihi ya pili, ndiyo maana wauguzi wetu wanauza vocha za simu.